Pua Juu, Mbwa Chini

Dada Ayanna,

Nakusihi kabla hujageuza ukurasa huu: haya usimsomee mtu, usimtafsirie mtu, wala usiyaache mezani unapokwenda kunawa mikono. Humu hakuna neno ambalo halitaniumiza likitoka. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ofisini kwetu Rockville, tunakotengeneza maonyesho ya makumbusho, wanaokisoma ni wawili, mimi na mwenzangu mmoja, na huyo mwenzangu utamkuta humu. Wewe ulijifunza darasani. Siku ulipokuja ulinipa shikamoo, mtu mzima kama wewe, na mimi kwa woga nikaitikia marahaba. Naona aibu mpaka leo. Lakini ndipo nilipojua kwamba kule chuoni kwenu kuna mtu ninayeweza kumwandikia bila mkalimani. Soma ukiwa peke yako. Anza na Oktoba.

Jumatatu, 1 Oktoba 2007

Mwezi wa nne kazini. Mkurugenzi wetu, Bwana Pruitt, amenikabidhi maonyesho mapya: herufi moja tu ya Kichina, tangu ilipozaliwa hadi inavyochapwa leo. Nitaandika kadi zote. Aliponionyesha vitabu alilamba kidole gumba kabla ya kufungua kila ukurasa. Kitabu kina miaka mia mbili, na mate yake yalibaki yanang'aa pembeni. Ana sauti laini, sijamsikia akimfokea mtu. Nilitazama dirishani.

Kibali changu cha kazi kinaisha Februari. Barua ya kuniombea kingine ataiandika yeye.

Jumatano, 3 Oktoba

Amekuja Mwalimu Hsu. Ni mama wa miaka sabini na tano, mzaliwa wa Taipei, na wasomi wa herufi za kale wanaliheshimu jina lake. Jumapili hufundisha watoto wa Kichina kusoma, na siku nyingine hutusaidia kwa kujitolea. Akiona kosa kwenye kadi hulikwaruza kwa ukucha mpaka karatasi itoboke. Namwogopa.

Leo ameniketisha.

"Unajua unachokiandika?"

"Sijui, Mwalimu."

"Basi unachora mapambo."

Akachukua karatasi, akachora pua: mgongo wake, mabawa yake mawili. Chini ya pua akachora mbwa aliyesimama wima kama aliyetundikwa ukutani, mkia umejikunja. "Pua juu, mbwa chini. Inasema nini?"

Nikasema labda ni mbwa mwenye pua kubwa. Hakucheka.

"Harufu! Nani anajua kunusa kuliko mbwa?"

Akanieleza. Zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita wafalme wa huko walikuwa wakiuliza mizimu maswali. Mvua itanyesha? Mke atajifungua salama? Waganga walichukua kombe la bega la ng'ombe, ule mfupa mpana kama jembe, wakachimba vishimo upande wa nyuma, wakavitia moto. Mfupa ulipopasuka walisoma nyufa, kisha wakachonga swali kando yake. Humo ndimo zilimo herufi za kale kabisa. Baadaye watu wakasahau. Wakulima waliofukua mifupa hiyo waliiita ya joka na kuiuza isagwe dawa.

"Waliinywa," akasema Mwalimu Hsu. "Sijui ni kiasi gani cha historia yetu kilichoishia tumboni mwa wagonjwa wa homa."

Yeye akaendelea. Mwanzoni herufi hii ilikuwa harufu yoyote, hata ya ua. Kadiri karne zilivyopita pua ilinyooka ikawa kisanduku chenye mistari, mbwa akapoteza tumbo akabaki miguu na nukta, na maana nayo ikaoza. Leo ukiandika 臭 umesema uvundo, basi.

Yeye mwenyewe hanusi. Homa moja ya mwaka 1998 iliondoka na harufu zote. Anasema chai kwake ni maji ya moto yenye rangi.

Karatasi aliyochora ameniachia. Nimempa mwenzangu Elkanah aipige picha.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kipaimara cha mtoto wa dada Dorothea, binamu yangu ninayeishi kwake Falls Church. Familia kumi na mbili, Watanzania na Wakenya, tumenunua ng'ombe wawili kwenye shamba moja mbele ya Poolesville na kuwachinja hapo hapo, kama kila mwaka. Mimi nimefanywa karani wa mgao, eti kwa sababu nina mwandiko.

Elkanah nilimwalika mimi. Ni Mkenya, anatengeneza makasha ya vioo ofisini na kupiga picha, na ndiye anayenichekesha siku nzima. Fidelis, aliyeshika panga, akamwambia achukue paja.

"Paja peaneni. Mimi nataka hizo mifupa za bega, zote nne."

"Za nini? Hazina hata nyama ya kushika jino."

"Niko na mbwa."

"Mbwa gani? Si juzi ulisema mwenye nyumba wako hataki hata panya?"

"Aki wewe Mtanzania, unauliza maswali kama uhamiaji!"

Watu wakaangua kicheko. Fidelis alipokuwa akitenganisha kombe la mwisho, panga likateleza likachota ukingo wake, jeraha la pembe tatu, upana wa ukucha. "Andika na hilo, karani," akasema, "asije akadai nimempunja." Alikuwa anatania. Mimi nikiambiwa niandike, naandika. *Elkanah, makombe ya bega manne, moja lina jeraha la panga.*

Jumanne, 9 Oktoba

Joto. Mvua hakuna tangu Agosti. Kadi kumi na moja.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kuna harufu inatoka banda la nyuma ya ofisi. Elkanah amejifungia huko. Anasema anachemsha gundi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Harufu.

Jumatano, 17 Oktoba

Harufu. Bwana Pruitt ameweka mshumaa wa mdalasini mapokezi. Sasa zimekuwa harufu mbili. Dada Dorothea amenusa nywele zangu niliporudi akaniuliza kama nimebadilisha kazi nikaenda kupika gerezani.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mvua, hatimaye. Inanyesha siku ya pili na imetuliza uvundo kidogo.

Nimechapa kadi ya pua. Mchoro wa pua, ukiwa peke yake, leo haumaanishi pua tena, unamaanisha "mwenyewe". Mwalimu Hsu anasema ni kwa sababu Mchina akijitaja hunyooshea kidole pua yake, kama sisi tunavyogusa kifua. Pua ikachukuliwa hivyo, ikabidi watu watunge herufi nyingine kwa ajili ya pua halisi.

"Kwa nini pua, Mwalimu?"

"Ukiingia mlangoni, nini kinatangulia?"

Nikasema kwangu mimi ni mkoba. Leo alicheka. Ana jino moja la dhahabu ambalo sikuwahi kuliona.

Jumatatu, 5 Novemba

Bwana Pruitt ameingia na kisanduku cha mbao, amekikumbatia kama mtoto. Anasema ukoo mmoja wa wamisionari waliowahi kuishi Uchina umekikuta darini na kumkabidhi yeye. Ndani, juu ya pamba, makombe manne ya bega, rangi ya chai nzito, yamechongwa mistari myembamba. Kwenye kombe la tatu, pua na mbwa. Maonyesho yetu yalikosa hatua ya kwanza tu, na hatua ya kwanza imekuja yenyewe mpaka mlangoni.

Nilivaa glavu nikainama kulipima.

Ninaijua harufu ile. Ni sufuria ya supu iliyoachwa tangu jana, mafuta yakaganda juu, mtu akaja akamwagia majani ya chai. Nilikuwa nimeivuta wiki tatu. Na ukingoni mwa kombe lile, upana wa ukucha, jeraha la pembe tatu.

"Huo," akasema Bwana Pruitt nyuma ya shingo yangu, "ni ufa wa moto wa waganga. Andika."

Pumzi yake inanuka mnanaa. Nikaandika: *ufa wa moto*. Kisha nikaenda chooni nikatapika kifungua kinywa chote, nikanawa, nikarudi nikapima urefu.

Jumanne, 6 Novemba

Nimeikuta ile orodha ya mgao katika mkoba wa kanisani. Manne. Moja lina jeraha. Mwandiko ni wangu.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimekwenda bandani wakati wa chakula cha mchana. Juu ya jiko la gesi ipo sufuria kubwa, ya wale wanaokaanga bata mzinga mzima. Mezani kuna miswaki, makopo ya chai, na kekee ndogo kama ya daktari wa meno. Kwenye meza hiyo hiyo, kati ya unga wa mifupa, Elkanah alikuwa anakula ugali.

"Mbwa wako hajambo?" nikamuuliza.

Akatafuna kwanza. "Ameshiba."

"Ile ni mifupa ya kipaimara, Elkanah."

"Mfupa ni mfupa. Hao wa zamani si pia walitoa kwa ng'ombe?"

"Mwalimu Hsu ataweka jina lake kwenye hati ya kuithibitisha. Makumbusho ya chuo yanayotaka maonyesho yetu yatachukua mifupa hii kwa sababu ya jina lake. Siku ikijulikana, hawatamsema Pruitt, watamsema yeye. Miaka hamsini ya kazi yake!"

"Sikiza, Leokadia. Kibali yako inaisha Februari. Yangu iliisha 2003. Sasa kati ya mimi na wewe, nani anafaa kuwa anatetemeka?" Akasukuma sahani kuelekea kwangu, akipangusa unga wa mfupa kwa kiwiko. "Karibu. Sukuma iko."

Miezi minne nimecheka vichekesho vya mtu huyu. Leo nilikuwa naona meno yake tu, na kilichokwama katikati.

Sikumwambia mtu.

Jumatano, 14 Novemba

Amekuja mgeni kutoka makumbusho ya chuo kitakachochukua mifupa. Anaitwa Ayanna, Mmarekani mweusi, anaongea Kiswahili taratibu kama anayevuka mto kwa mawe. Aliniuliza kwa Kiswahili, mifupa imetoka wapi, dada? Bwana Pruitt alikuwa hatua mbili nyuma, anatabasamu. Nikamjibu kwa Kiingereza, yale yaliyo kwenye kadi. Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ijumaa, 16 Novemba

Siku mbaya kuliko zote tangu nije nchi hii.

Mwalimu Hsu alikuja kusoma mifupa. Amevaa koti la hariri ya buluu, nadhani analiweka kwa ajili ya misiba na harusi. Nilimwekea taa na lenzi. Alisoma la kwanza, la pili, akitikisa kichwa polepole. Alipofika la tatu akasogeza taa karibu. Nikaona machozi yanashuka juu ya lenzi.

"Tazama mkia," akaniambia. "Vitabuni mkia wa mbwa huyu wanauchora hivi na vile. Mimi nimeuchora hivi tangu nikiwa msichana, bila kufundishwa, mwalimu wangu akinichapa kwa hilo. Na kumbe yuko mtu aliyeuchora kama mimi, miaka elfu tatu iliyopita."

Mkia ni wake. Ni ule aliouchora Oktoba kwenye karatasi yangu, ambayo nilimpa Elkanah kwa mikono yangu miwili.

Kisha akasema, "Ninusie."

"Mwalimu?"

"Mfupa wa kweli hunuka udongo, au haunuki kitu. Wangefanya hivi wazee wangu kabla ya kukubali. Mimi pua yangu imekufa, unajua. Wewe ni kijana. Ninusie."

Bwana Pruitt alikuwa mlangoni na vikombe viwili vya kahawa. Alisimama pale pale, hakuingia. Aliinua nyusi tu, kwa upole, kama mtu anayesubiri uchague sukari moja au mbili.

Niliinama. Ilikuwa supu ya kipaimara, imeoza, imetiwa chai, na juu yake kitu kikali kama dawa ya kuchubulia nywele. Ilinipanda mpaka nyuma ya macho.

"Haunuki kitu, Mwalimu."

Akanipigapiga mkono. "Vizuri. Vizuri, mwanangu." Akakaa pale pale akamwandikia Bwana Pruitt barua ya shukrani. Hati yenyewe ya kuuthibitisha mfupa ataitia saini tarehe tatu Desemba.

Nimeoga mara mbili. Si mwili unaonuka.

Alhamisi, 22 Novemba

Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Dada Dorothea amepika bata mzinga na supu ya makongoro. Nimekula maharage.

"Mhaya anayekataa supu," akasema mbele ya wageni, "ama ana mimba ama ana dhambi."

"Sina mimba," nikasema. Wakacheka sana.

Jumatatu, 26 Novemba

Bwana Pruitt ameniita, amefunga mlango, amenipa andazi la lozi kwenye sahani. Mezani kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya kuniombea kibali, ndefu, imejaa sifa, haijatiwa saini. Ya pili ni ukurasa wa rejista ya mapokezi: makombe manne, yamepokelewa 9 Julai, mpokeaji Leokadia.

"Unakumbuka," akasema, "yalikuja wiki ya kwanza uliyoanza."

Sikukumbuka, kwa kuwa halikuwapo la kukumbuka. Nilitia saini. Kalamu ilikuwa na unyevu wa kidole chake gumba. Alisema ataitia yake kwenye barua Jumatatu ijayo, mambo yakishakamilika, na akanihimiza nile andazi. Nikala. Nilikula lote, anaangalia.

Jumatano, 28 Novemba

Nikifumba macho naona saini yangu. Ni nzuri, imesimama sawasawa, mtu mwaminifu kabisa.

Jumapili, 2 Desemba

Baridi, upepo. Nilimwambia dada Dorothea nakwenda misa, na nikapita kanisani kweli, ili nisiongeze uongo. Kisha nikachukua treni mpaka Rockville, shule ya Kichina. Nilisubiri watoto watoke. Mwalimu Hsu alikuwa anafuta ubao.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Ng'ombe, mgao, banda, mkia, rejista. Nikaweka orodha mezani na kumfasiria: jina, idadi, jeraha. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuja mpaka mbele yangu, akainua mkono. Nilidhani atanipiga. Akaninyooshea kidole, ncha ikagusa pua yangu.

"Hii ilijua," akasema. "Wiki mbili nimewasimulia watoto hawa juu ya mkia ule. Hii ilijua."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Pruitt ni mwizi. Wezi nimewaona wengi. Lakini wewe nilikuazima pua."

Akarudi kufuta ubao, mahali ambapo palikuwa pameshakuwa safi. Hakusema amenisamehe, na sioni kwa nini angesema. Nilipofika mlangoni akauliza bila kugeuka, "Ulinusa nini?" Nikamwambia: nyama iliyooza, chai, dawa. Akatikisa kichwa kama anayeandika akilini.

Jumatatu, 3 Desemba

Mwalimu Hsu alifika saa tatu asubuhi, kwa basi, akiwa na koti lake la kawaida. Akasema hatatia saini, mifupa ni ya bandia, na sababu anaijua. Hakunitazama, hakunitaja.

Bwana Pruitt alimvutia kiti. Alisema anasikitika sana. Alisema umri ni kitu kigumu, watu husahau walichokisifu wiki mbili tu zilizopita. Na kwamba hata hivyo anayo ile barua yake ya shukrani, kwa mkono wake, "mfupa wa tatu ni wa kweli kuliko yote niliyowahi kuiona," na saini yake chini. Inatosha. Kamati ya chuo inakaa Ijumaa. Yote haya kwa sauti ile ile laini. Akamwagia kahawa ambayo hakuinywa.

Mwalimu Hsu alipoondoka, Bwana Pruitt akaja kwangu. Hakuuliza. Alichukua barua ya kibali akaiingiza kwenye mashine ya kukatia karatasi, taratibu, isije ikakwama. Akaomba funguo. Akanipa kasha la kuwekea vitu vyangu, na ndani yake alikuwa ametangulia kuweka andazi la lozi kwenye kitambaa cha karatasi. Nilipoliona hilo andazi ndipo nilipoacha kumwogopa, maana huwezi kumwogopa mtu na kumkinai kiasi kile kwa wakati mmoja.

Elkanah alinibebea kasha mpaka kituo cha basi.

"Watu wakiniuliza," akasema mwishowe, "mimi sijui kitu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mimi nikishikwa ni ndege moja kwa moja hadi Nairobi. Mama yangu anaishi na hii kazi."

"Nimesema naelewa, Elkanah."

Akatoa bahasha ndani ya koti lake, akaitupia ndani ya kasha kama takataka. "Uliacha hii," akasema, akaondoka mbio mbio, mabega juu.

Ni karatasi ya Mwalimu Hsu, ya Oktoba. Pua juu, mbwa chini. Juu yake mtu amepiga viboksi kwa penseli na rula, kama fundi anayenakili kipimo kwa kipimo, na pembeni kuna tone la chai na hesabu ya sentimita: urefu wa mkia, upana wa pua. Ni hesabu ya Elkanah. Angeweza kuichoma.

Jumanne, 4 Desemba

Dada Ayanna, nakutumia daftari hili pamoja na orodha ya mgao na karatasi ya viboksi. Ukipima mkia kwenye kombe la tatu utaona kipimo ni kilekile. Kama mna mtaalamu wa mifupa, mpe kipande kidogo tu. Ng'ombe yule alikuwa hai mwezi Oktoba. Au uinamie wewe mwenyewe, unuse. Ukurasa wa rejista wenye saini yangu utaletewa Ijumaa. Ni wa uongo, niliutia saini mwenyewe, na hilo nitalisema mbele ya yeyote. Jina la Elkanah, ukiweza kuliacha, liache. La Mwalimu Hsu usiliache likatumika kuithibitisha mifupa ile.

Namna ya kunipata. Ofisini usipige; watakwambia kwa upole kwamba hawanijui. Barua pepe ya ofisi imeshafungwa. Naishi kwa dada Dorothea, Falls Church, majengo ya matofali mekundu karibu na barabara ya Route 7, na anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukija kabla ya saa nane mchana dada yuko kazini. Gonga dirisha la kushoto, kengele ni mbovu. Akifungua yeye, sema unatoka kanisani, atakupa supu na ataniita. Alhamisi nitashinda maktaba ya Fairfax, ghorofa ya chini, upande wa magazeti, kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga.

Simu ni ile ile niliyokuandikia nyuma ya kadi siku ulipokuja. Ukipiga nisipopokea, usikate. Iache iite. Nitakuwa nimeishika mkononi.